Doa jeupe si lazima liwe meli: utatuzi wa matatizo ya kutambua meli kwa picha za rada, pwani ya Mtwara na Lindi

Maswali ni yale yale. Yanakuja kwa simu, yanakuja kama picha ya skrini yenye mshale mwekundu, na mengine huletwa na mtu mwenyewe, kompyuta kwapani. Wanaouliza ni wanafunzi wa ramani, mawakala wa forodha waliochoka kusubiri mzigo, viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe) za huku Mtwara na kule Kilwa, na wadadisi wachache. Karibu wote wanatumia picha za Sentinel-1, setilaiti za Ulaya ambazo data yake ni ya bure, kwa hiyo hizo ndizo nitakazozizungumzia zaidi.

Kabla ya kulalamika, elewa unachokitazama. Setilaiti iko juu kilomita 693. Inatuma wimbi lenye urefu wa sentimita 5.5 hivi, kisha inasikiliza mwangwi. Haihitaji jua, na mawingu inayapita, ndiyo maana masika tunaitegemea. Bahari iliyotulia hulisukuma wimbi likaenda zake, ikaonekana nyeusi. Chuma chenye kona kona hulirudisha lilikotoka, kikaonekana cheupe. Basi, ni hivyo tu. Rada haioni rangi, haisomi jina ubavuni, haijui bendera. Pikseli moja ni mita 10, lakini uwezo halisi wa kutenganisha vitu viwili ni kama mita 20. Meli ya mita 190 kwa 32 hapo ni kidoa cha pikseli 19 kwa 3. Nusu ya malalamiko yanayofuata ni ya watu waliotegemea kuona winchi na madirisha.

"Meli nimeiona kwa macho yangu, kwenye picha haipo"

Anza na saa, hata kabla hujagusa kitufe. Sababu hii inazishinda nyingine zote kwa mbali.

Picha imeandikwa saa za UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Setilaiti hupita kwetu alfajiri au jioni. Picha yenye 03:20 imepigwa 06:20 ya hapa, na midomoni mwetu hiyo ni saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Shimo liko hapo. Mzee mmoja wa BMU aliwahi kuniletea daftari lake, safi, mistari imepigwa kwa rula, na ndani yake: "Meli kubwa nyeusi, nje ya Msimbati, 12:20." Kijana aliyeliingiza daftari kwenye kompyuta aliinakili namba ilivyo, kompyuta ikasoma adhuhuri. Tulihangaika na picha ile mpaka chai ikapoa. Meli ya noti 12, ukiikosea kwa saa sita, umeikosa kwa maili 72 za baharini. Nilipomweleza mzee akacheka. "Mwalimu, saa kumi na mbili yangu mimi jua linachomoza. Yako wewe jua liko utosini. Sasa nani kakosea?"

Dawa ni kukubaliana namna moja ya kuandika. Kwa saa za mchana, chukua saa ya Kiswahili, ongeza tatu, umepata UTC: saa nne asubuhi ni 07:00. Saa kumi na mbili asubuhi ihesabu kuwa sifuri. Na kwenye daftari neno "asubuhi" au "jioni" liandikwe kila mstari, mwandishi akasirike asikasirike.

Saa zikishakaa sawa, tazama tarehe. Setilaiti moja hurudi kwenye njia ile ile kila baada ya siku 12. Sentinel-1B iliharibika Desemba 2021, na mrithi wake, Sentinel-1C, alirushwa Desemba 2024. Ukichimba picha za miaka hiyo ya katikati utakuta mapengo mapana. Meli iliyoingia Jumanne na kuondoka Alhamisi inaweza isipigwe picha hata moja, na hapo hakuna cha kutengeneza.

Sababu ya tatu ni mbao. Ngalawa, mtumbwi, dau, hata mashua yenye urefu wa kutosha, vyote vina mwangwi hafifu. Faiba ni hivyo hivyo. Kinachorudisha wimbi ni mashine, bati la kibanda, pengine pipa la chuma. Siku ya bahari shwari, boti ya mita 15 inaweza kutoa pikseli moja au mbili. Kusi likivuma, inamezwa na mawimbi. Wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku wa giza watafute kwa njia nyingine: zipo setilaiti zinazoona taa usiku, na taa za dagaa zinaonekana vizuri kuliko boti zenyewe.

Ya nne ni mkono wako mwenyewe. Ukichuja chenga za picha kwa nguvu, unafuta chenga na boti pamoja. Chujio la kusafisha lina kazi yake kwenye ramani za mpunga na misitu. Kwa vyombo vidogo liache. Vivyo hivyo ukiiambia programu ikate nchi kavu na kuongeza ukanda wa usalama wa mita mia kadhaa, imekata na gati la Mtwara pamoja na kila kilichofungwa hapo. Chora mpaka wa pwani mwenyewe. Ni kazi ya saa moja, unaifanya mara moja, unaitumia miaka.

Mwisho kabisa ndiyo chaneli. Picha zetu za pwani huja na mbili, VV na VH: zote wimbi hurushwa likiwa wima, VV hupokea mwangwi uliorudi wima, VH ule uliorudi mlalo. Karibu na ukingo wa picha ulio upande wa setilaiti, bahari kwenye VV huwa na kelele nyingi, meli inazama humo. Kwenye VH bahari inanyamaza na meli inabaki. Fungua zote mbili kila mara. Kama mtu ananitumia VV peke yake, namrudishia bila kuitazama.

"Meli iko juu ya nchi kavu" au "meli imeuacha mkondo wake"

Hii inawatisha watu bila sababu. Rada hupanga vitu kwenye picha kwa kufuata jinsi mwangwi unavyobadilika setilaiti ikisogea. Kitu kikiwa chenyewe kinatembea, hesabu inavurugika na kitu kinahamishwa kufuata njia ya setilaiti, yaani kaskazini au kusini kwa upande wetu. Ndiyo unaona mkondo mweusi wa meli, yaani alama inayoiacha nyuma yake, umenyooka vizuri majini, na meli yenyewe iko pembeni, kama treni iliyoacha reli.

Kuhama huko si kudogo. Meli ya noti 10 inayokwenda moja kwa moja kuelekea setilaiti, au kuipa mgongo, husogezwa mita 300 na zaidi. Inayokwenda sambamba na njia ya setilaiti haisogei, au inasogea kidogo sana. Kwa hiyo zile zinazopita mbali, kutoka kusini kwenda Dar es Salaam au Mombasa, hukaa karibu na mahali pake. Zinazoruka ni zile zinazokata mashariki na magharibi, mfano chombo kinachotoka ghuba ya Lindi kwenda nje.

Angalia kwanza kama kuna mkondo. Ukiwepo, rudisha doa hadi kwenye kichwa cha mkondo, hapo ndipo meli ilipokuwa. Kama hakuna mkondo, tafuta kwenye maelezo ya picha setilaiti ilikuwa inapanda kaskazini au inashuka kusini. Chombo kinachoikaribia setilaiti husogezwa mbele kufuata mwendo wake. Kinachoikimbia husogezwa nyuma. Mara nyingi hilo linatosha kukutoa juu ya minazi.

Zuri lake ni kwamba umbali wa doa na mkondo unakupa mwendo wa meli bila kumuuliza mtu. Doa likikaa sawasawa mahali pake huku mkondo haupo kabisa, huenda chombo kimetia nanga.

Lakini kama *kila kitu* kimehama, hata gati na visiwa, tatizo si mwendo. Hujarekebisha obiti, au hujanyoosha picha kijiografia. Rudi mwanzo.

"Programu imehesabu meli 60, na mimi najua hazifiki 10"

Hapa nilishawahi kuaibika mwenyewe, basi acha nianze na fungu.

Nilipata doa refu kusini kwetu, upande wa Mnazi Bay. Picha moja lipo, inayofuata halipo, halafu lipo tena. Kama mita 120. Nikaandika "chombo kisichojulikana, kinakuja na kuondoka", nikalituma kwa watu wenye kazi zao. Jibu lilitoka kwa mvuvi aliyekuwa amekaa ofisini kwao kwa shida nyingine: "Hilo ni fungu, baba. Maji yakitoka tunakula chakula pale." Setilaiti hupita saa ile ile kila mara, lakini siku 12 hazilingani na mzunguko wa bamvua na maji mafu, ambao ni kama siku 14 na robo tatu. Kwa hiyo kila picha inakuta maji kwenye kiwango kingine, na fungu la mchanga au mwamba huibuka na kuzama kama meli yenye ratiba. Tangu siku ile siandiki neno "chombo" kabla ya kufungua jedwali la maji.

Kwa hiyo, kwa mpangilio wa yanayotokea zaidi:

1. Mafungu, miamba na mikoko. Weka picha tano au sita za tarehe tofauti juu ya nyingine. Kinachorudi mahali pale pale si meli inayosafiri.

2. Mawimbi ya kusi. Kati ya Mei na Septemba bahari ya nje huchafuka, na kila kilele cha wimbi kinajidai ni boti. Panda kwenye VH, kaza kiwango cha kukubali doa, na tupa madoa ya pikseli moja.

3. Mizuka. Kitu chenye mwangwi mkali sana, meli kubwa iliyo gatini, matangi, kiwanda, mji wenye mabati, huacha nakala zake hafifu majini, umbali wa karibu kilomita 5 mbele na nyuma kufuata njia ya setilaiti. Pima. Kama umbali huo, kwa mwelekeo huo, kuna kitu kinachong'aa, hilo doa ni mzuka wake. Thibitisha kwa picha ya setilaiti ikipita kwa mwelekeo mwingine: mzuka utakuwa umehama, meli iliyotia nanga haitakuwa imehama.

4. Mvua kubwa. Huacha mabaka yasiyo na umbo. Macho yanatosha kuyatambua.

5. Mistari mieupe inayokata picha. Ni mtambo mwingine unaorusha mawimbi ya masafa yale yale. Hakuna meli hapo, pita.

Kama unatumia SNAP, programu ya kuchakata picha hizi, tazama pia ukubwa wa madirisha ya kugundua. Dirisha la kinga lazima liwe pana kuliko meli ndefu unayoitarajia, la sivyo meli inajipima kwa mwanga wake yenyewe na kujifuta. Watu wengi huweka kikomo cha urefu mita 400 wakidhani wamekuwa wakarimu. Ndipo linapokuja swali linalofuata.

"Kuna dude kusini, kila picha lipo, na ni kubwa kupita meli zote"

Lipo na litaendelea kuwepo. Ni Coral Sul, kiwanda cha kusindika gesi kinachoelea upande wa Msumbiji, mbele ya pwani ya Cabo Delgado. Kina urefu wa mita 432 na upana wa mita 66, kimefungwa kwenye maji ya kina cha mita 2,000 hivi, na shehena yake ya kwanza ilitoka Novemba 2022. Picha zilizo pana za kilomita 250 zinaweza kuishika Mtwara na chenyewe kwa pamoja. Kikipotea kwenye orodha yako, umekikata kwa kikomo cha urefu. Na ukiona siku nyingine kimenenepa, kuna meli ya gesi imelala ubavuni inapakia. Visima vya gesi vya Songo Songo vilivyo majini viweke kwenye orodha hiyo hiyo ya vitu visivyotembea.

"Urefu hauingii akilini"

Rula yako iko bandarini. Gati jipya la Mtwara lina urefu wa mita 300. Lipime kwenye picha yako kwanza. Ukipata 300 na ushee, kipimo chako kiko sawa na tatizo ni la doa.

Doa karibu siku zote hurefuka. Mwangwi mkali huvuja pembeni na kutengeneza msalaba mweupe, na mtu anapima mpaka ncha ya msalaba. Punguza mwanga wa picha hadi msalaba ufe, ndipo upime. Meli inayoyumba nayo huchapwa kama picha iliyopigwa na mkono unaotetemeka. Kwa picha za mita 10, chukulia umekosea mita 20 hadi 30 hata ukipima kwa uangalifu. Upana usiuamini kabisa.

Kosa lingine ni vyombo viwili kuhesabiwa kimoja. Tagi linavuta tishari, kamba katikati haionekani, unapata "meli ya mita 150" yenye kiuno. Ukiona kiuno, shuku kamba.

"Sawa, ni meli. Lakini ya aina gani?"

Swali hili ndilo kila mtu alilokuja nalo, na ndilo lenye majibu mengi ya kujidanganya. Kwa Sentinel-1 peke yake unaweza kusema kwa ujasiri: ndogo, ya kati, kubwa, kubwa sana. Zaidi ya hapo unahitaji kitu nje ya doa.

Chukua mfano uliopo mbele yetu. Meli mbili ziko nje ya bandari zinangoja, zote mita 190. Moja ni ya kichele, imekuja kuchukua makaa ya mawe yanayoshuka na malori kutoka mkoa wa Ruvuma. Nyingine ni ya mafuta. Kwenye picha ya mita 10 ni mapacha: doa refu, upande mmoja unang'aa zaidi. Upande huo kwa kawaida ni tezi, yaani nyuma, ilipo nyumba ya mabaharia, basi walau umejua omo, yaani mbele, inatazama wapi. Ukitaka kuzitenganisha pata picha kali, ya mita moja au chini yake, kutoka kampuni kama ICEYE, Capella au Umbra. Humo meli ya kichele inaonyesha mifuniko ya ngama, vyumba vya mzigo, imepangana kama vitufe vya shati. Ya ukubwa huo huwa na mitano, na zile ndefu zaidi za mita 225 hivi huwa na saba. Kama ina winchi zake, utaona nukta kali kati ya mfuniko na mfuniko. Ya mafuta sitaha yake ni bapa, na mabomba yanachora mstari mweupe katikati kwa urefu. Ya makasha, ikiwa imejaa, inawaka mwili mzima, kwa sababu kila kasha ni kona mpya.

Kabla ya kutoa pesa kwa picha kali, yafanye haya yasiyo na gharama.

Tazama zimeelekea wapi. Madoa yote nje ya bandari yakielekea upande mmoja, yametia nanga na yanatii upepo au mkondo wa maji. Moja likikataa kufuata wenzake, hilo linatembea, au ni fungu.

Tazama msimu. Kati ya Oktoba na Januari ni korosho, na meli za makasha na za mizigo mchanganyiko huongezeka. Doa la mita 170 gatini mwezi wa Novemba lina maelezo ya karibu kuliko lile lile mwezi wa Aprili. Si ushahidi kamili, lakini mtu wa Mtwara asiyeutumia anajinyima.

Tazama mahali. Doa la mita 80 linaweza kuwa meli ndogo ya mizigo ya pwani, au meli ya kuvua jodari kwa nyavu za kuzungushia. Zile kubwa za jodari huanzia mita 70 na kupita 100. Kwa rada ni kitu kimoja. Iliyo kwenye njia ya kawaida ya kwenda Dar es Salaam, imenyooka na mkondo nyuma yake, kuna uwezekano mkubwa ni ya mizigo. Iliyo mbali kwenye bahari kuu, haina mkondo, haiko kwenye njia ya mtu, ichunguze zaidi. Lakini picha moja kila siku kadhaa haiwezi kukuonyesha inazunguka na nyavu au imezima mashine inatengeneza pampu. Andika "haijathibitishwa" na ulale vizuri.

Na usiisahau picha ya kawaida ya jua. Sentinel-2 nayo ina pikseli ya mita 10, hupita kabla ya adhuhuri, na siku isiyo na mawingu inakupa rangi ya sitaha na mkondo mweupe. Meli iliyotia nanga alfajiri mara nyingi bado ipo saa nne.

"AIS inasema hivi, picha inasema vile"

AIS ni mtambo wa melini unaotangaza kwa redio jina la meli na mahali ilipo. Ukipingana na picha, watu huanzia kwenye uhalifu. Anza kwenye hesabu.

Sababu ya kwanza, kama kawaida, ni muda. Nukta ya AIS inaweza kuwa ya dakika 40 kabla ya picha. Chukua nukta mbili, moja kabla na moja baada ya picha, na ukadirie meli ilikuwa wapi katikati. Kisha ongeza ule mruko wa meli inayotembea. Mechi nyingi "zilizokosekana" zinapatikana hapa.

Sababu ya pili: hakuna aliyeisikia. Mitambo ya nchi kavu inapokea ishara za karibu na pwani. Mbali zaidi unategemea setilaiti za kupokea AIS, nazo si kila dakika. Ya tatu: chombo hakilazimiki. Sheria ya kimataifa inazibana meli za kuanzia tani 300 zinazosafiri nje ya nchi na meli zote za abiria, haimbani mzee mwenye jahazi.

Ya nne ni vidole. Aina ya meli, urefu na bandari inayokwenda huandikwa kwa mkono na mabaharia. Namba 30 ni uvuvi, 52 ni tagi, za 70 ni shehena, za 80 ni mafuta, na mtu mwenye usingizi anaweza kubofya yoyote. Kagua namba ya IMO, ambayo haibadiliki meli ikiuzwa wala ikibadili jina. Zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ifanane na ya saba. Kwa namba ya mfano 9123453: 63 na 6 na 10 na 12 na 12 na 10 ni 113, inaishia na 3, imekubali. Ikikataa, mtu kakosea kuandika au kaitunga. Kwenye namba ya redio, 674 au 677 mwanzoni ni Tanzania, 650 ni Msumbiji. Na kumbuka siku hizi hata maboya ya nyavu hubeba AIS. Ukiona "meli" iliyokaa juu ya bahari nyeusi tupu, huenda ni boya.

Ndipo ya mwisho: imezimwa, au inadanganya ilipo. Ni kweli inatokea, na sana. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 kwa kutumia picha hizi hizi za Sentinel-1 ulikuta karibu robo tatu ya meli za uvuvi wa kiviwanda duniani hazionekani kwenye mifumo ya wazi ya ufuatiliaji. Lakini kutoonekana si sawa na kuiba. Nahodha anaruhusiwa kuzima akiona usalama wa chombo uko hatarini, na kusini kwetu, tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze 2017, sababu za kuogopa zipo.

"Kompyuta imesema ni ya uvuvi, tena ina uhakika"

Uhakika wa kompyuta ni uhakika wa mahali iliposomea. Makusanyo mengi ya kufundishia yametoka kwenye maji yenye msongamano kama Shanghai na Singapore. Haijaona jahazi la Kilwa. Ikionyeshwa kitu isichokijua haisemi sijui, inakipa jina la jirani yake wa karibu. Ongeza kundi la "haijulikani", weka mpaka wa juu wa kukubali jibu, na jaribu kwanza kwenye meli ulizoziona wewe mwenyewe ukiwa Shangani, hapa Mtwara. Thelathini za kuziona kwa macho zinakufundisha kuliko elfu za kupakua.

Hapa simama, mwite mwenye kazi

Doa jeusi refu linalopinda na upepo na halififii, pengine lina doa jeupe kichwani, linaweza kuwa mafuta. Linaweza pia kuwa maji yaliyokosa upepo. Usiende na boti kunusa. Waarifu TASAC (shirika la uwakala wa meli), NEMC (baraza la mazingira) na ofisi ya bandari, wao wana namna ya kuthibitisha.

Ukishuku uvuvi haramu kwenye bahari kuu, peleka kwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu. Karibu na pwani, kwa afisa uvuvi wa wilaya au polisi wanamaji. Usitaje jina la meli kwenye kundi la WhatsApp. Ukikosea umechafua watu, ukipatia umewaonya.

Upande wa mpaka wa mto Ruvuma usichapishe doa lolote unalohisi ni la kijeshi, wala usikae kulitafuta.

Chombo kilicho hatarini si kazi ya picha hata kidogo. Picha uliyoifungua ni ya saa kadhaa zilizopita. Piga simu ya dharura 112, au aliye na redio aite chaneli 16, na kituo cha uokoaji majini cha Dar es Salaam kiingie kazini.

Na kesi ikienda mahakamani, kipimo chako cha nyumbani hakitoshi. Mkabidhi mtaalamu data ghafi, usimpe ile uliyoichuja na kuipaka rangi.

Unapokabidhi, peleka vitu hivi: jina kamili la faili, latitudo na longitudo za doa, urefu ulioupima na kiasi unachodhani umekosea, chaneli zote mbili, kiwango cha maji saa ile, na orodha ya ulichokwisha kukikagua. Jina la faili usilibadilishe kuwa "meli_mpya_2". Saa ya picha imo ndani yake, mara tu baada ya herufi T, kwa UTC.